Nzi wa Kichwa Chekundu

Mtu wa kwanza kunikasirisha katika safari ile alikuwa binti wa loji aliyepokea simu, tena alinikasirisha kwa adabu. Kila baada ya maneno matatu aliniita madam. Nilikuwa nimempigia kuomba nafasi ya siku moja ya kuvua samaki mtoni, watu wawili pamoja na mwelekezi, na yeye akauliza kwa sauti ya asali, "Na wageni wako wanatoka nchi gani, madam?"

"Wanatoka Manga," nikamjibu.

Nikasikia akibonyeza kompyuta, labda akitafuta Manga iko bara gani. Nikaona nimsaidie. "Manga ya Nyamira. Mgeni wa kwanza ni baba yangu mzazi. Wa pili ni mimi."

"Sawa kabisa, madam. Na mtapenda kulala kwenye nyumba za wageni, au kwenye vyumba vya madereva?"

Nilikuwa katika chumba cha walimu, shule ninayofundisha Hesabu, Mosocho. Wenzangu waliacha kusahihisha madaftari wakanitazama, kwa sababu nilikuwa nimesimama bila kujua. Nikamwambia binti yule kwamba nyumba ya wageni inanitosha, kwa kuwa gari sina wala sijui kuendesha. Akanishukuru kwa kuwachagua.

Nieleze kwanza mwalimu wa Mosocho alikuwa akitafuta nini huko. Sisi watu wa milimani si watu wa samaki. Samaki kwetu huletwa sokoni na akina mama wa ziwani, ameshakaangwa, na wengi wetu hatujui anavuliwaje. Lakini baba yangu amekuwa akiwadanganya samaki tangu kabla sijazaliwa. Anafunga nzi. Si nzi wa chooni. Ni ndoano ndogo, nyingine hazizidi punje ya mchele, anazozivika uzi na manyoya ya kuku mpaka zinafanana na mdudu aliyeangukia maji. Wenye nafasi zao huzirusha mtoni kwa ufito mrefu, na trauti, samaki wa mito ya baridi, hupanda juu akidhani amepata chakula. Baba alijifunza kazi hiyo Nairobi akiwa kijana, katika karakana iliyokuja kufungwa. Akarudi Manga na jiriwa yake ndogo ya kubania ndoano, akaikaza kwenye ukingo wa meza karibu na dirisha. Tangu hapo ajenti humletea ndoano na mifuko ya manyoya Birongo siku ya soko, na kuondoka na kazi iliyokwisha.

Kule karakanani kila mfungaji alikuwa na alama yake, ili kazi mbaya ikirudi ajulikane wa kulaumiwa. Alama ya baba ilikuwa mizunguko mitatu ya uzi mwekundu kwenye kichwa cha nzi. Karakana ilikufa lakini yeye hakuiacha alama. Uzi wenyewe aliuchambua kutoka kwenye uzi wa cherehani ya mama mpaka ukabaki unyuzi mmoja. Siku moja ajenti alilalamika kwamba wateja wanataka kichwa cheusi. Baba akamuuliza, "Na nikikosea, mtamjuaje aliyekosea?" Ajenti hakurudia tena maneno hayo.

Na hao wateja walikuwa wapi? "Zinaenda ng'ambo hizi, mzee," ajenti alisema kila mwezi. Uingereza, Amerika, sijui Norwe. Tukiwa watoto tulijigamba shuleni kwamba mikono ya baba yetu inajulikana Ulaya. Miaka yote hiyo, zaidi ya thelathini, hakuwahi kuona ufito wa kuvulia, wala trauti, wala mto wenye trauti. Hakulalamika pia. Ng'ambo ni ng'ambo, huwezi kuamka asubuhi ukasema ngoja nifike huko nichungulie.

Mwaka jana alianza kuzungusha uzi hewani, ndoano iko kando. Hospitalini Kisii wakasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilikuwa njiani. Dawa ya matone ingelichelewesha tu. Daktari, mama mmoja asiyezunguka mbuyu, alituambia kwamba kama kuna kitu mzee angependa kukiona, akione mwaka huu. Nilidhani baba atataja wajukuu wake walio Mombasa. Alifikiria kidogo akiwa ameshika kofia magotini.

"Nataka kumwona samaki akiikubali," akasema. "Mara moja tu."

Ndiyo maana zamu yangu ya kupokea fedha za chama ilipofika sikununua sofa. Mwalimu mwenzangu alinitafutia loji kwenye simu yake, iko juu kabisa milimani, ukishapita mashamba makubwa ya chai, mahali ambapo gari la kawaida hukwama na wenyewe hukufuata na lao. Walinipa Jumamosi. Nikawaambia Jumamosi ni Sabato na baba hagusi hata jembe siku hiyo. Wakasema Jumamosi ndiyo iliyobaki. Nikawauliza, kwa sauti ya darasani, kama wageni wa kutoka nchi nyingine nao hupangiwa siku ya ibada yao. Jumatatu ikapatikana.

Kisha wakanitumia orodha ya matayarisho, na hapo ndipo niliposoma vitu. Kofia ya ukingo mpana. Miwani ya kukata mng'ao wa maji. Nguo zisizong'aa, maana samaki huogopa rangi. Suruali ya mpira inayofika kifuani, ambayo mtu asiyekuwa nayo angeazimwa, mradi ataje urefu wake, uzito wake na saizi ya mguu. Jina la daktari wa familia. Chakula asichokula mgeni. Mambo ya kuvua samaki mmoja yakawa mengi kuliko ya kuoa. Mama alinisikiliza nikiyasoma yote, mikono imejaa mboga za chinsaga alizokuwa akichambua.

"Huyo samaki ana magamba?" akauliza. Kwetu samaki asiye na magamba haingii sufuriani, Walawi wamekataza.

"Anayo, Mama, madogo. Lakini hataliwa. Ukimshika unamrudisha majini."

Mama akaweka mboga chini. "Unatoka hapa, unalala njiani, unavaa nguo ya mpira, unamshika samaki, halafu unamwambia nenda?"

"Ndiyo sheria yao."

"Basi hao wana njaa ya kitu kingine," akasema, akarudi kwenye mboga zake. Kuhusu kofia alikataa katakata. Baba alikuwa na kofia moja ya ukingo mpana, ya kanisani, na mama alisema haiendi kuloweshwa kwa sababu ya samaki asiyeliwa.

Sheria moja tu katika orodha ile ilimfurahisha baba. Ilisema mgeni anaweza kuja na nzi wake mwenyewe iwapo ni wapya kabisa, hawajawahi kugusa mto mwingine. Akikosa, atauziwa boksi la loji, lenye nzi walioagizwa kutoka ng'ambo. Baba alinifanya niisome mara tatu. Angefunga wake. Wachache tu, polepole, jicho likiruhusu. Ndoano zilikuwepo, zimebaki kwenye kopo la majani ya chai. Manyoya ya ajenti yalikuwa yamekwisha, kwani ajenti mwenyewe aliacha kuja alipoona nzi wameanza kupinda. Lakini nyumbani kulikuwa na jogoo.

Jogoo yule alikuwa mwekundu, mzito, mwenye manyoya ya shingo marefu na membamba, yenye kung'aa. Baba alikuwa amemlea karibu miaka miwili, akimlisha wimbi kwa mkono. Manyoya ya kazi ile hung'olewa yakiwa makavu, moja moja, yakalazwa kwenye karatasi. Alijua ni lini atamchinja na jinsi atakavyomshika. Kosa lake, na hapa namlaumu hata yeye, ni kwamba hakumwambia mtu. Baba yangu ni wa kuweka mambo kifuani mpaka yaote mizizi.

Wiki mbili kabla ya safari tulishinda kliniki ya macho, mimi na yeye. Tulipopanda Manga alasiri tulikuta viatu vingi mlangoni. Wazee wa kanisa na akina mama wenzao walikuwa wamekuja kuiombea safari na kuliombea jicho. Walikuwa wamemaliza kuomba. Walikuwa wanakula, na nyumba nzima ilinukia mchuzi wa kuku. Kwenye kiti cha baba alikaa mzee wa kanisa, sahani magotini, firigisi katikati ya sahani, maana mgeni mkubwa ndiye hupewa firigisi.

Baba alisalimia wote. Kisha akageuka akatazama nje, penye mti ambapo jogoo hulala, akatazama tena ndani. "Jogoo yuko wapi?" akamuuliza mama kwa Ekegusii, kwa sauti ndogo.

"Si huyo wageni wanamla?" mama akasema, uso umejaa furaha. "Na walivyomsifu!"

"Na manyoya?"

"Manyoya ya nini? Nimemchovya maji ya moto, manyoya nimetupa chooni."

Nilimvuta mama jikoni. Sikumpa heshima yake siku hiyo, nakiri. Nilimwambia ameharibu kila kitu, kwamba ameishi na manyoya mezani kwake maisha yake yote ya ndoa na bado hajui kazi yake ni nini. Alinisikiliza mpaka nikakaukiwa. Kisha akanijibu polepole.

"Manyoya ya kazi huja kwa mfuko kutoka Birongo. Sijaona baba yako akinyonyoa kuku wangu hata siku moja. Jogoo mkubwa namna ile, hauzwi, haliwi, analishwa wimbi kwa mkono. Anawekewa nani kama si mgeni? Niambie wewe uliyesoma."

Nyumba yoyote ya Manga ingemchinja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba sikupata mkosaji. Baba alikaa kwenye benchi, akapewa bawa, akala akitabasamu, akaitikia amina ya mwisho. Mimi nilisusa. Wageni walisema mwalimu amechoka na safari ya hospitali.

Siku zilizofuata nilizunguka masoko nikikagua majogoo shingoni. Mosocho, Birongo, kila mahali. Nilimshika kila jogoo aliyeletwa, nikampuliza manyoya, nikamwinua kwenye jua, na wachuuzi wakaanza kuitana waje wamwone mwalimu. Mmoja akaniuliza kama nimetafuta mganga. Nilipeleka Manga majogoo wawili. Baba aliwapapasa shingo kwa vidole, akatikisa kichwa. Walikuwa bado watoto, manyoya mafupi na laini. Mama aliwapokea kwa mikono miwili akasema hao sasa aelezwe wazi kazi yao ni nini.

Basi nikashindwa, nikaagiza boksi la loji. Lilifika Kisii, ofisi ya vifurushi, nikalipandisha Manga Ijumaa kabla jua halijashuka. Lilikuwa boksi zuri la plastiki, juu lina picha ya mzungu mwenye kiko mdomoni, na maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba nzi hawa wamefungwa kwa mkono na mafundi wa ng'ambo. Nililiweka mezani mbele ya baba, karibu na jiriwa yake tupu. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akasogea dirishani, akainamia.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilidhani macho yamemchosha. Akamtoa nzi mmoja, akampitisha ukucha kichwani, akamweka mezani. Akatoa wa pili, akafanya vivyo hivyo. Alipomaliza kulikuwa na marundo mawili, na rundo moja lilikuwa na nzi saba wa kichwa chekundu.

"Hizi ni zangu," akasema.

Nikachukua kioo. Mizunguko mitatu, kila mmoja, uzi wa cherehani ya mama. Nilianza kupiga kelele hapo hapo, siwezi kusema uongo. Nilimtaja ajenti kwa majina ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua, nikamtukana mzungu wa kwenye picha pamoja na kiko chake. Baba hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amemshika nzi mmoja akimgeuza. "Hii bawa limeenda upande," akasema kwa aibu. "Hapa mkono ulikuwa umeanza kunikataa. Kwa nini waliiuza? Si wangenirudishia?"

Kisha akauliza, "Huko tunakokwenda, ni mbali kiasi gani?"

"Nusu siku, Tata." Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Nusu siku," akasema. Aliirudia mara mbili. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taa ya kuandaa Sabato, hakuingia. "Ng'ambo nisingefika, nilijua. Lakini nusu siku! Nusu siku ningekwenda kwa miguu. Nilikuwa na macho mawili mazima, miaka yote ile."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na hasira ile bado ninayo. Wangemdhulumu kitu kingine chochote ningeelewa, wakulima wa chai tumezoea kudhulumiwa. Lakini walimficha mto. Neno moja tu lilihitajika, siku yoyote ya soko, mzee, hizi hutumika hapo juu tu, na mtu angepanda akaone alichokuwa akikifanya maisha yake yote.

Nilimpigia ajenti jua liliposhuka Jumamosi. "Mwalimu, mimi napelekea mtu, na huyo mtu anapelekea mtu," akasema. "Hata mimi niliambiwa tu ng'ambo." Nikaiandikia loji barua ya kurasa tatu, yenye sarufi ambayo haijawahi kutumika Mosocho. Nilimsomea baba kabla ya kuituma. Aliposikia mwisho wake akasema, "Ni nzuri. Usiipeleke."

"Tata!"

"Tukishamwona samaki, iandike hata kwa rais. Sasa wakikasirika wakatufukuza, mimi nitaona nini? Niahidi. Mpaka tumwone, hutasema."

Nikaahidi. Sijawahi kuahidi jambo gumu kuliko hilo.

Jumapili asubuhi mama alitoka chumbani na kofia ya kanisa. Alikuwa ameipiga brashi. Alimvisha baba mwenyewe, akaikaza, hakusema neno kuhusu kuloweshwa. Tulifika loji saa za alasiri tukiwa tumetikiswa mpaka mifupa. Binti wa simu alitupokea kwa maji ya malimau na madam zake. Nilimuuliza vyumba vya madereva viko wapi, nikavione tu. Baba akanikanyaga mguu.

Asubuhi tulishuka mtoni na mwelekezi, mtu wa makamo, mzaliwa wa milima hiyo hiyo, mpole, mwenye kofia iliyochakaa. Baba alikuwa ndani ya suruali ya mpira iliyomzidi, kofia ya Sabato kichwani. Mto ulikuwa mwembamba kuliko nilivyotarajia, maji meusi, baridi ya kukata vidole. Mwelekezi akaomba boksi letu. Akalifungua, akawapita wengine wote bila kuwatazama, akachukua wa kichwa chekundu.

"Tutumie hii, mzee."

Niliuma ulimi. Baba hakuonyesha lolote. Mwelekezi akasimama nyuma yake, akamshika mkono juu ya ufito, wakarusha pamoja. Wakarusha tena. Alimweleza pa kutazama, pale penye weupe karibu na jiwe, na baba akageuza shingo mpaka jicho la kulia likawa mbele. Mara nyingi hakikutokea kitu. Nilihesabu kwa mazoea yangu, kisha nikaacha kuhesabu nikaanza kuomba. Halafu maji yakafunguka penye weupe, mdomo ukatoka, ukamchukua nzi, ukashuka.

"Nimemwona!" baba akapiga kelele. "Nimemwona! Ameikubali!"

Hakuwa samaki mkubwa. Mama angemrudisha sokoni. Mwelekezi alilowesha mikono, akamshika, akamtoa ndoano, akamwachia, na baba aliendelea kutazama maji samaki akiwa ameshaondoka zamani. Machozi yalimtoka katika macho yote mawili, lililokufa na lililo hai.

Mwelekezi alimpuliza nzi kiganjani ili akauke. Akatazama nyuma kama meneja hayupo, akavua kofia yake akatugeuzia upande wa ndani. Kwenye utepe walikuwa wamechomekwa nzi kadhaa, wote vichwa vyekundu.

"Boksi yenu haikupita kwetu waelekezi, ndiyo mmebahatika," akasema. "Sisi tukiona hii nyekundu tunaficha. Hizo zingine ni za kuonyesha wageni. Hii ndiyo samaki anakubali. Wanasema inatoka ng'ambo, lakini mimi nakwambia, mzee, mwenye alifunga hii anajua huu mto."

Samaki alikuwa ameshaonekana, ahadi yangu ilikuwa imekwisha, na kurasa zangu tatu nilikuwa nazijua kwa moyo. Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Hajawahi kuuona," akasema, akimchukua nzi wake kutoka kiganjani mwa yule mtu. "Ndiyo anauona leo."